Mguu Usiopiga Kelele

Anastasia hakwenda Boko kukwea ukuta. Alikwenda kupeleka mzigo: gunia lenye vishikio arobaini vya mbao ya mninga, vilivyochongwa na baba yake, Mzee Kasimiri, katika karakana yao ya Kiwalani. Mteja alikuwa kocha mmoja aitwaye Sadallah. Alipopiga simu mara ya kwanza kuagiza, Mzee Kasimiri alidhani anataniwa. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa amechonga vinyago, viti, bakora za wazee na misalaba ya makanisa, lakini hakuna aliyewahi kumwomba achonge vibonge vya mbao vyenye tundu katikati, eti watu wavishike na kuvikanyaga wapande ukutani, tena ndani ya jengo.

"Ndani ya jengo?" aliuliza mara mbili. "Humo wanaiba nini?"

Hata hivyo kazi ni kazi. Aliichonga vizuri kama anavyochonga kila kitu, Anastasia akavipiga msasa kimoja kimoja, na Jumamosi asubuhi akapakia gunia kwenye bajaji kwenda Boko.

Msasa ndiyo kazi aliyobakiwa nayo. Miaka miwili nyuma msumeno wa umeme ulimkata mkono wa kushoto. Madaktari waliviokoa vidole vyote, ila kidole cha pete na cha mwisho vilikataa kukunjika tena. Vilisimama wima muda wote, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Kabla ya hapo alikuwa na mkono mzuri wa kuchonga, na wateja walimfuata kwa jina lake mwenyewe. Baada ya hapo baba yake hakumruhusu tena ashike patasi. Hakusema kwa ukali. Aliziondoa tu patasi zake mezani, akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Ukumbi wa Boko zamani ulikuwa ghala la simiti. Anastasia alipoingia alisimama mlangoni na gunia lake mgongoni, mdomo wazi. Kuta za mbao nene zilipanda mpaka karibu na bati. Moja ilisimama wima, nyingine zilimwinamia mtu kama zinataka kumwangukia. Zote zilijaa vibonge vya rangi, vyekundu, vya kijani, vya njano, na watu walikuwa wamenata juu yake kama mijusi. Muziki wa singeli ulikuwa unapigwa kwa sauti ya juu. Dada mmoja mrefu, mwenye mabega ya mchezaji wa netiboli, alikuwa ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliopinda, huku anacheka na kuongea na mtu aliyekuwa chini.

"Yule ni Atuganile," alisema mzee mfupi mwenye ndevu za mvi, akimpokea gunia. "Karani wa benki, anatoka Kimara. Kwa wanawake hapa hakuna anayemgusa. Karibu sana. Mie ndo Sadallah."

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Wewe ndo binti wa mzee mchongaji?" Alikuwa ameshatoa kishikio kimoja na kukizungusha mkononi. "Aisee. Hii ni kazi. Haya, vua ndala, ujaribu."

"Mie?"

"Sasa nani? Aliyepika huonja."

Anastasia alicheka, kisha akamwonyesha mkono wa kushoto. Alikuwa amezoea kuuonyesha; ulimwokoa kwenye mambo mengi asiyotaka kuyafanya. Sadallah aliutazama kidogo, bila huruma na bila kushangaa.

"Pole," alisema. "Sasa mie sijakuuliza habari ya mkono. Una miguu mingapi?"

"Miwili."

"Inatosha."

Dakika tano baadaye alikuwa amefungwa mkanda kiunoni, kamba imepita juu kwenye chuma na kurudi mikononi mwa Sadallah, na amevaa viatu vya kuazima vya mpira mwembamba vilivyombana vidole. Alikamata kishikio cha kwanza kwa nguvu zake zote, akajivuta. Akakamata cha pili. Miguu ilikuwa inapigapiga ukuta huko chini, ikitafuta pa kukaa bila yeye kuiangalia. Kwenye kishikio cha nne mkono wa kushoto ulifunguka wenyewe. Akaning'inia hewani, anazunguka polepole kama kuku wa bucha.

Watu waliokuwa karibu walimpigia makofi. Anastasia alishuka anahema, jasho linamtoka, na kitu ambacho hakukitegemea kikamjaa kifuani: alitaka kurudi juu. Papo hapo. Kabla hata ya kunywa maji.

"Umepanda kwa mikono," alisema Sadallah. "Kila mtu siku ya kwanza anapanda kwa mikono. Mie nimezaliwa Mafia. Tangu nina miaka kumi na mbili nilikuwaga mkwezi wa minazi, baadaye nikaja mjini, nikasafisha vioo vya maghorofa ya Posta kwa kamba miaka kumi na minane. Unajua mnazi una vishikio vingapi? Hauna hata kimoja. Mkwezi anakumbatia tu asidondoke. Anayempandisha ni mguu. Mkono ni wa kushika, mguu ndo wa kubeba. Ukikariri hilo, njoo Jumamosi ijayo."

Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla hawajafungua.

Somo la kwanza lilimshangaza kwa udogo wake. Sadallah alimkataza kukanyaga kwa katikati ya unyayo. "Hiyo siyo ngazi. Kanyaga kwa ncha, hapa kwenye kidole gumba. Ukikanyaga kwa ncha unaweza kugeuka upande wowote, kama mtu anayecheza. Ukikanyaga kwa tumbo la mguu umejifunga." Somo la pili lilikuwa gumu zaidi: kuangalia. Mtu akipanda, macho yanakimbilia juu, kwenye kishikio kinachofuata, na mguu unaachwa ujitafutie. Sadallah alitaka macho yafuate mguu mpaka utue kabisa. "Usiondoe macho kabla haujakaa. Mguu ukigonga ukuta mara tatu ndo utulie, hizo ni nguvu za mara tatu umezitupa."

Hapo Anastasia alipata wazo. Karakanani kwao kulikuwa na njuga za zamani zilizoning'inia ukutani, za babu yake, aliyezivaa enzi zake akicheza ngoma ya mapiko huko Newala. Wiki iliyofuata alizifunga kwenye mfuko na kwenda nazo. Alizifunga miguuni, akaanza kukwea.

Ukumbi mzima ulicheka. Kila hatua ilikuwa chwa! chwa! chwa! Alijiona mjinga, lakini hakushuka. Alirudia njia ileile fupi, mpangilio mmoja wa vishikio kutoka chini hadi juu, mara kumi, kisha mara ishirini. Alijifunza kuinua mguu polepole, kuupeleka karibu kabisa na kikanyagio bila kukigusa, kusubiri, kisha kuuweka kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Ilipofika saa saba mchana alifika juu na njuga zikalia mara mbili tu.

"Hebu niazime," alisema Atuganile, ambaye alikuwa amekaa pembeni anakula mihogo. Alizifunga, akapanda njia ileile kwa kasi yake ya kawaida. Kelele zilizotoka zilikuwa za harusi nzima na bendi yake. Alishuka amejishika mbavu kwa kicheko. "Mungu wangu! Kumbe mie ndo niko hivi? Mwaka mzima napanda na ngoma na hakuna aliyeniambia?"

Tangu siku hiyo wakawa wanafanya mazoezi pamoja, Jumamosi na Jumanne jioni, na njuga zikawa zinapita kwenye miguu ya watu wote wa pale.

Halafu likaja somo la nyonga, na hili ndilo lililombadilisha Anastasia kabisa. Mpaka wakati huo alikuwa anapanda akiutazama ukuta uso kwa uso, magoti yamefunguka pande mbili kama chura, makalio nje. Akiwa hivyo, uzito wote ulimvuta nyuma, na mkono wa kushoto, wenye vidole viwili na gumba, haukuweza kumshikilia. Sadallah alimsimamisha kwenye vikanyagio viwili vya chini kabisa, sentimita thelathini kutoka kwenye godoro.

"Nyoosha mikono. Usiikunje, ining'inie tu, mifupa haichoki. Sasa geuza goti la kulia liingie ndani, liangalie chini. Zungusha na nyonga. Zungusha! Nyonga ya kulia iguse ukuta."

Anastasia alizungusha. Uzito ulimhama. Aliusikia ukitoka mabegani, ukapita mgongoni na kushuka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, na mkono wake wa kushoto, ule mkono, ukabaki umeshika kishikio bila kubeba kitu.

"Kocha!"

"Ndiyo."

"Mkono hauna kazi!"

"Achia basi wa kulia."

Aliuachia. Hakuanguka. Mkono wa kulia uliinuka wenyewe, ukapanda juu zaidi ya alivyowahi kufikia, kwa sababu ubavu wake wote ulikuwa umenyooka kuufuata. Aligusa kishikio ambacho wiki zote alikuwa anakiona ni cha watu warefu. Alipiga kelele kama mtu aliyeona bao, na Atuganile kule upande wa pili akapiga kelele vilevile bila hata kujua kuna nini.

Usiku ule alilala anageuza magoti kitandani. Barabarani alijikuta anapanda ngazi za kivuko kwa ncha za vidole. Jikoni, akifikia sufuria la juu, aligeuza nyonga kwanza. Alijifunza kuuacha mguu mmoja hewani, umenyooshwa pembeni bila kukanyaga chochote, uwe wa mizani tu usimwache azunguke kama mlango. Alijifunza kuinua kisigino mpaka usawa wa kiuno, kukichomeka juu ya kishikio, kukikalia na kusimama. Mapaja yalimuuma kwa utamu.

Nyumbani siri ilifichuka kwa sababu ya njuga.

"Nani kachukua njuga za marehemu baba?" Mzee Kasimiri aliuliza asubuhi moja, akiutazama msumari mtupu ukutani. Ndege ilikuwa inashuka juu ya paa zao, wakasubiri ipite, kama wafanyavyo watu wote wa Kiwalani katikati ya mazungumzo.

"Mimi, baba."

"Umeanza ngoma?"

Anastasia akamweleza yote. Miezi minne. Kamba, ukuta, Sadallah. Alieleza kwa furaha iliyokuwa inamwagika, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa baba yake ulivyozidi kufunga.

"Mkono mmoja umeshaharibika," alisema mwishowe. "Ulikuwa msumeno wangu, na ni mimi niliyeuwasha. Sasa unataka na wa pili?"

Hakuwa amewahi kutamka hivyo. Miaka miwili, na hakuwahi kusema ni yeye aliyeuwasha.

"Baba, lakini sipandi kwa mikono."

"Mtu hapandi kwa mikono? Anapanda kwa nini, kwa masikio?"

Alichukua nyundo yake na kuendelea na kazi. Siku tatu hakusema naye zaidi ya salamu. Anastasia hakuacha kwenda Boko.

Mashindano yalitangazwa mwezi huohuo: ya wanawake peke yao, Jumapili ya mwisho wa mwezi, washiriki kutoka Dar na wengine kutoka Arusha. Wangeanza kwenye njia mbili za mchujo, kisha sita bora wangekutana kwenye Njia ya Saba, ambayo Sadallah aliipanga upya na kuifunika kwa turubai mtu yeyote asiione. Na Ijumaa, siku mbili kabla, Sadallah alimpigia simu Mzee Kasimiri bila kumwambia Anastasia.

"Mzee, samahani. Vijana wananilalamikia. Wanasema vile vikanyagio vya mbao vinateleza."

"Vinateleza?" Anastasia, aliyekuwa anapaka nta kiti, alimwona baba yake anasimama. "Mninga wangu? Huo siyo mninga, basi, ni miguu yao! Jumapili upo? Nakuja mwenyewe."

Alikuja kweli, moja kwa moja kutoka misa ya kwanza, amevaa suti yake ya kijivu, miwani mfukoni na kipande cha msasa kwenye mfuko mwingine, tayari kuutetea ubao wake. Alikaa safu ya mbele, kofia magotini, anaangalia miguu ya watu.

Mchujo ulimpitisha Anastasia kwa shida. Njia ya kwanza alikosea, akashika kwa papara na kuanguka katikati. Ya pili aliimaliza. Jina lake lilisomwa la mwisho kati ya sita. La Atuganile lilisomwa la kwanza. Fainali ilipigiwa kura ya nani atangulie: Anastasia wa tano, Atuganile wa sita. Wote sita walipelekwa nyuma ya pazia wasione wenzao wanavyopanda.

Kukaa nyuma ya pazia kulimtesa kuliko kupanda. Alisikia kila kitu na hakuona kitu. Wa kwanza alitoka, watu wakashangilia, wakashangilia tena, kisha "aaah!" kubwa ya pamoja. Wa pili, vilevile. Wa tatu, "aaah!" Wa nne, dada mmoja wa Arusha mwenye mikono ya chuma, alishangiliwa kwa muda mrefu zaidi, na bado, "aaah!"

"Kuna kitu huko," Atuganile alinong'ona. Alikuwa anapaka viganjani unga mweupe wa kukausha jasho. "Wote wanadondoka palepale. Anasta, sikiliza. Nenda kimyakimya."

"Na wewe."

Wakagonganisha ngumi.

Ukuta wa Njia ya Saba uliinama kidogo kumjia. Anastasia alisimama chini yake, akaufunga mkanda, akasikia Sadallah anavuta kamba kuondoa ulegevu. Muziki ulikuwa umezimwa. Aliisoma njia kwa macho kutoka chini mpaka juu, akihesabu miguu, siyo mikono. Vishikio vyote vilionekana kukubali isipokuwa mahali pamoja, juu kidogo ya katikati. Pale palikuwa na kishikio chembamba cha mkono wa kushoto, cha vidole vinne, kisha pengo refu mpaka kishikio cha kulia kilicho mbali juu. Kati yake kulikuwa na kikanyagio kimoja tu. Cha mninga. Cha mviringo kama nusu ya embe.

Alianza. Mguu, angalia, tua. Mguu, angalia, tua. Mikono imenyooka. Goti la kushoto ndani, nyonga ukutani, fika. Alijisikia mwepesi. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba alisikia feni, na hakusikia miguu yake mwenyewe.

Akafika pale.

Kwa mkono wa kushoto alikishika kile kishikio chembamba namna pekee aliyoiweza, kwa vidole viwili na gumba, kama mtu anayeshika penseli. Akajaribu kujivuta kidogo. Vidole vikaanza kufunguka. Haraka akarudisha uzito chini. Wenzake wote walikuwa na vidole vinne hapa na bado walianguka. Kwa nini?

Akaangalia chini, kwenye kikanyagio. Katikati yake, kwenye mgongo wa ile nusu embe, palikuwa na michirizi myeusi ya mpira wa viatu. Minne. Wote walikanyaga palepale, mahali panapoonekana pana na pazuri. Lakini Anastasia alikuwa mtoto wa karakana kabla hajawa mkwezi. Katikati, nyuzi za ubao zilikuwa zimelala kufuata mteremko, laini kama kioo. Ukikanyaga hapo utateleza kufuata nyuzi, lazima. Pembeni kushoto, karibu na ukuta, nyuzi ziligeuka kuzunguka kifundo kidogo cheusi, alama ya tawi la zamani. Pale ubao ulisimama kinyume cha mteremko. Palikuwa padogo kama sarafu.

Aliinua mguu wa kulia. Akaupeleka polepole, macho hayabanduki, akausimamisha umbali wa unywele mmoja kutoka kwenye kile kifundo. Akautua. Kidole gumba kikanasa.

Sasa goti. Aligeuza goti la kulia ndani, akaliangusha chini, nyonga ikafuata, ubavu wote wa kulia ukalala ukutani. Mguu wa kushoto aliunyoosha hewani pembeni, mrefu, wa mizani. Na uzito ukashuka. Aliusikia ukishuka wote, ukapita nyonga, paja, kifundo cha mguu, mpaka kwenye ile sarafu ya mninga. Vidole viwili vya kushoto havikubakiwa na mzigo zaidi ya kikombe cha chai.

Akauachia mkono wa kulia. Ukapanda. Ukapanda. Bado. Akasukuma kwa kidole gumba cha mguu, sentimita moja, nyingine...

Pa!

Ukumbi ulilipuka. Kelele zilimpiga mgongoni kama upepo, na yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele bila kujua anasema nini. "Tulia!" Sadallah aliita kutoka chini. "Pumua, bado hujafika! Pumua!" Akapumua. Akarudisha mguu wa kushoto. Zilibaki hatua nne, na alizipanda akiwa kama amelewa furaha lakini miguu ina akili zake timamu: ncha, ncha, kisigino juu usawa wa kiuno, kikalie, simama. Kishikio cha mwisho ilibidi kishikwe kwa mikono miwili mpaka mwamuzi aseme. Aliweka wa kulia. Aliweka wa kushoto, vidole viwili vimejikunja na viwili vimesimama.

"Ndiyo!" alisema mwamuzi.

Aliposhushwa alikaa godoroni palepale, analia na kucheka. Kisha akakumbuka Atuganile, akajikokota pembeni kuangalia.

Atuganile alitoka nyuma ya pazia na kuanza kupanda, na Anastasia hakuamini macho yake. Dada yule wa vurugu na nguvu alikuwa anapanda kimya. Mguu, angalia, tua. Alipofika kwenye mninga alikanyaga katikati, mguu ukateleza. "Aaah!" ukumbi mzima ulianza, lakini mikono ile ya netiboli ilimshika, akaning'inia, akaurudisha mguu na safari hii akaangalia. Aliangalia muda mrefu. Akausogeza pembeni, kwenye kifundo. Anastasia alikuwa amesimama wima sasa, amejishika kichwa, anapiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Goti! Tuga, goti! Ndani!" Goti likaingia. Mkono ukafika. Atuganile akapaa mpaka juu.

Wawili tu ndio waliofika. Kwa kuwa walilingana, kanuni ilirudi kwenye matokeo ya mchujo, na huko Atuganile alikuwa mbele sana. Akawa wa kwanza, Anastasia wa pili. Atuganile aliposikia matangazo hakungoja kupewa medali. Alimkimbilia mwenzake, akamnyanyua juu kama gunia na kuzunguka naye.

"Njuga zako zimenipa medali, mwanamke wewe!"

"Niteremshe, nitatapika!"

Mzee Kasimiri hakuwa kwenye kiti chake. Anastasia alimtafuta kwa macho, akamwona kule chini ya Njia ya Saba, amevaa miwani, shingo imepinda nyuma, anakiangalia kile kikanyagio. Akaenda taratibu kusimama kando yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Wanne wameteleza."

"Ndiyo."

"Nilikichonga mimi. Nilifikiri mtu anakanyaga kama anavyokanyaga kizingiti, nikampa mahali pana. Kumbe nimemdanganya." Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Wewe umeona kifundo. Ukiwa kule juu, unatetemeka, umeona kifundo."

"Nimekiona."

"Sikuwa naangalia mikono yako," alisema. "Nilikuja nikijua nitaangalia mikono tu, roho juu. Nikajikuta naangalia miguu." Akacheka kwa pua, kicheko kifupi ambacho Anastasia hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. "Haikuwa na sauti. Kama paka."

Njiani kurudi Kiwalani walibishana mpaka dereva wa bajaji akaanza kuwasikiliza: kikanyagio kiwe na mdomo au kiwe bapa, nyuzi zilale au zisimame, mninga au mpingo. Mzee alichora kwa kidole kwenye paja la suti yake. Anastasia alikuwa anamkatiza. Hata kabla ya ajali hakuwahi kumkatiza baba yake hivyo.

Jumatatu asubuhi alimkuta karakanani amemtangulia. Mezani kulikuwa na kitambaa kimefunguliwa, na patasi zake saba zimepangwa kwa ukubwa, zimenolewa zinang'aa. Pembeni yake alikuwa amefunga jiriwa kubwa ya chuma, ya kuushikilia ubao mahali pa mkono wa kushoto.

"Leta viatu vyako vile vya mpira," alisema. "Weka hapa. Nataka nijue kidole gumba kinakaa wapi."

Anastasia aliweka kiatu kwenye ubao. Baba yake alizungusha penseli kwenye ncha yake, akachora nusu mwezi ndogo, akaitazama, akaifuta kwa gumba. Akachora tena, akafuta. Halafu akamsogezea penseli.

"Mie ule ukuta siujui," alisema. "Chonga mwenyewe."

Cha kwanza kilipasuka kwa sababu mkono wake ulikuwa umesahau. Cha pili kilitoka kimepinda. Cha tatu ndicho Sadallah alichokifunga kwenye ukuta wa Boko Jumamosi ile, mita mbili kutoka chini, na mtu wa kwanza kuteleza juu yake alikuwa bingwa mwenyewe, Atuganile wa Kimara, aliyeanguka godoroni chali, akabaki amelala pale anacheka na kumnyooshea Anastasia kidole, akidai aelezwe upesi pa kukanyaga ni wapi.